Doctor Who ya Kwanza Ilirekodiwa Mara Mbili

Ijumaa ya tarehe 27 Septemba 1963, ndani ya Studio D ya Lime Grove, magharibi mwa London, milango ya mashine ya kusafiria katika wakati ilikataa kufungika. Kwenye picha inaonekana wazi. Waigizaji wako katikati ya mazungumzo mazito, mzee amekasirika, mjukuu wake anamsihi, na nyuma yao milango mikubwa myeupe inafunguka, inagonga, inajifunga nusu, kisha inafunguka tena, maana mafundi waliojificha nyuma ya seti wanaisukuma kwa mikono na haiwatii. Ilibidi sehemu hiyo irudiwe usiku uleule, na bado haikukaa sawa.

Wiki tatu baadaye, Ijumaa ya tarehe 18 Oktoba, waigizaji walewale walirudi Lime Grove wakaicheza hadithi ileile upya, kuanzia neno la kwanza. Rekodi hiyo ya pili ndiyo BBC iliyoirusha hewani Jumamosi ya tarehe 23 Novemba 1963. Ndiyo Doctor Who ya kwanza kabisa kuonekana na watu, ule mfululizo wa televisheni wa mzee anayesafiri katika wakati, na kipindi chenyewe kinaitwa "An Unearthly Child". Ile ya Septemba ilibaki kabatini. Haikufutwa, na leo mtu anaweza kuzitazama zote mbili, moja baada ya nyingine.

Kazi yangu ni kuhariri sauti za michezo ya redio, kwa hiyo nimezoea kusikiliza jambo moja likirudiwa na kurudiwa mpaka likae. Hata hivyo sijapata kuona mahali pengine ambapo tofauti ya mara ya kwanza na mara ya pili inaonyesha wazi namna hii kazi ya watengenezaji wa hadithi ni nini. Vitabu vingi vinasimulia kuzaliwa kwa Doctor Who kupitia barua za ofisini na mikutano ya wakubwa wa BBC. Mimi naona ilizaliwa ndani ya zile wiki tatu, baina ya rekodi iliyoharibika na rekodi iliyokubalika.

Kwa ambaye hajakiona, kisa ni hiki. Walimu wawili wa shule ya Coal Hill, Ian Chesterton wa sayansi na Barbara Wright wa historia, wanamtilia shaka mwanafunzi wao Susan Foreman. Binti huyo anajua sayansi kuliko mwalimu wake, kisha anakosa mambo ambayo kila mtoto wa London anayajua. Usiku mmoja wanamfuata hadi anuani aliyoiandikisha shuleni, 76 Totter's Lane, wanakuta si nyumba, ni uwanja wa vyuma chakavu. Katikati ya takataka kimesimama kibanda cha polisi cha buluu, vile vilivyokuwa kila kona ya London enzi hizo, vyenye simu ya kuita askari. Mzee mmoja anatokea, wanabishana naye, wanasikia sauti ya Susan kutoka kibandani, wanaupiga kikumbo mlango na kuingia. Ndani kuna chumba kikubwa kinachong'aa, kikubwa kuliko kibanda chenyewe mara nyingi: ndiyo mashine ya kusafiria katika wakati. Mzee, ambaye ni babu yake Susan, anaona siri imetoka, anaogopa watakwenda kuisema, anaiwasha mitambo na kuondoka nao. Hata dakika 25 hazifiki.

Ili kuelewa kwa nini milango ile iliwatoa jasho, inabidi ujue televisheni ilivyorekodiwa wakati huo. Lime Grove zilikuwa studio za filamu zilizojengwa mwaka 1915, BBC ikazinunua mwaka 1949. Studio D ilikuwa ndogo, na chini ya taa zilizohitajika na kamera za enzi ile ilikuwa tanuri. Kamera zenyewe zilikuwa mizigo mizito ya kusukumwa kwenye magurudumu. Tepu ya video ilikuwapo, ila kuihariri kulimaanisha kuikata kwa wembe na kuiunga kwa gundi, na tepu ilikuwa ghali, wakubwa hawakutaka ikatwe ovyo. Kwa hiyo tamthilia ilirekodiwa kana kwamba inakwenda hewani moja kwa moja. Jumatatu hadi Alhamisi ni mazoezi ukumbini, Ijumaa ni kuhamia studio, na jioni muda wa zaidi kidogo ya saa moja kuikamata yote, tukio baada ya tukio kwa mpangilio wa hadithi. Seti zote zilibanana ndani ya chumba kimoja: darasa, gari la mwalimu, uwanja wa vyuma na chumba cha mitambo. Kamera zilikimbia kutoka seti moja hadi nyingine huku mchezo ukiendelea.

Utaratibu huo ulizaa ujanja ambao mtazamaji wa leo anaweza kuuchukulia kuwa ni mbwembwe za usanii. Walimu wakiwa garini, wanakumbuka vituko vya Susan darasani, na picha inaturudisha darasani. Ukitazama vizuri, humwoni mwalimu. Unamwona Susan peke yake akijibu huku anaitazama kamera, na sauti ya mwalimu inatoka pembeni. Waigizaji wa Ian na Barbara hawakuweza kuondoka, walikuwa wamekaa garini hatua chache kutoka pale, wakisema maneno yao kutokea hapohapo. Kilichozaliwa na ufinyu wa studio kikamgeuza mtazamaji kuwa mwalimu anayetazamwa usoni na mtoto asiyeeleweka.

Katika moja ya kumbukumbu hizo Susan anaulizwa kuhusu pesa, anajibu kana kwamba Uingereza tayari inahesabu kwa makumi. Darasa linamcheka. Anajirekebisha: ndiyo, bado hamjaanza. Hayo yalisemwa mwaka 1963. Uingereza iliacha shilingi 20 kwa pauni na peni 12 kwa shilingi tarehe 15 Februari 1971. Mwandishi, Anthony Coburn, alitupa kwenye mazungumzo ya darasani jambo lililokuwa likijadiliwa tu, na miaka minane baadaye nchi nzima ikamfuata Susan. Coburn alikuwa Mwaustralia, na ndiye anayetajwa kuleta wazo la kibanda cha polisi baada ya kukiona kimoja akiwa matembezini.

Waliokabidhiwa kazi hii walikuwa wageni ndani ya nyumba kongwe. Sydney Newman, mkuu mpya wa tamthilia, alikuwa Mkanada aliyeletwa kutoka kituo cha upinzani, ABC. Alitaka kipindi cha kuziba pengo la Jumamosi jioni, baina ya michezo na muziki wa vijana, kitakachowakalisha wazazi na watoto pamoja. Mtayarishaji aliyemteua ni Verity Lambert, miaka 27, mwanamke peke yake miongoni mwa watayarishaji wa tamthilia wa BBC. Mwongozaji alikuwa Waris Hussein, miaka 24, mzaliwa wa Lucknow nchini India, aliyehamia Uingereza akiwa mtoto. Mama yake, Attia Hosain, alikuwa mwandishi na mtangazaji. Hussein mwenyewe amesimulia katika mahojiano jinsi mafundi wazee walivyowatazama, msichana na kijana wa Kihindi wakiwaamuru wapi pa kusimamisha kamera.

Lambert hakuwa mgeni wa dhoruba. Tarehe 30 Novemba 1958 alikuwa msaidizi katika tamthilia ya ABC iliyoitwa "Underground", inayokwenda hewani moja kwa moja, mwigizaji Gareth Jones akaanguka na kufariki kabla mchezo haujaisha. Mwongozaji, Ted Kotcheff, alilazimika kushuka studio kupanga na waigizaji namna ya kuendelea bila mwenzao, na Lambert akabaki kwenye chumba cha kuongozea akiziamuru kamera. Mtu aliyeshika usukani usiku kama ule hawezi kutishwa na milango isiyofungika.

Waigizaji nitawapitia kwa haraka. William Hartnell, miaka 55, alikuwa amechoka kuitwa kuigiza masajini wakali, na Lambert na Hussein ilibidi wambembeleze ndipo akubali kuwa Daktari, yaani yule mzee. William Russell aliigiza Ian, Jacqueline Hill akawa Barbara, na Carole Ann Ford, aliyekwisha kutimiza miaka 23, akawa Susan wa miaka 15.

Basi, rekodi ya Septemba. Milango ni kasoro moja tu. Kamera inayosogea kukiendea kibanda inatikisika. Mngurumo wa mitambo uko juu mno, unayala maneno. Mwanzoni mwa muziki wa ufunguzi kuna mshindo wa radi ambao hauna kazi yoyote isipokuwa kumtangazia mtazamaji kwamba mambo ya kutisha yanakuja. Yote hayo ni ya ufundi na yangeweza kurekebishwa. Kasoro kubwa ilikuwa mzee mwenyewe. Hartnell wa Septemba ni mkali, ana dharau, anaongea na walimu kana kwamba ni wadudu. Humwonei huruma hata kidogo. Ukikaa na mtoto wako Jumamosi jioni, huna sababu ya kutaka kurudi kwa mtu huyu wiki ijayo.

Newman aliitazama, akaandika orodha ndefu ya malalamiko, kisha akawachukua Lambert na Hussein kwenda kula chakula cha Kichina. Kwa jinsi wote wawili walivyosimulia baadaye, aliwaambia alipaswa kuwafukuza kazi, lakini hatafanya hivyo: warudi wakaifanye tena. Nalitazama tukio hilo kwa heshima kubwa. Bajeti ya kila kipindi ilikuwa takriban pauni 2,300, na Oktoba hiyohiyo kulikuwa na wakubwa wa BBC waliotaka mfululizo wote uishie vipindi vinne kwa sababu ya gharama. Kurudia kipindi kizima ilikuwa ni kuwapa maadui silaha. Newman alilipa gharama hiyo kwa vijana wawili ambao angeweza kuwatupia lawama na kuendelea na shughuli zake.

Sasa twende kwenye yaliyobadilika, maana hapa ndipo penye utamu.

La kwanza ni asili ya Susan. Katika rekodi ya Septemba anawaambia walimu kwamba alizaliwa katika karne ya 49. Katika ile ya Oktoba anasema alizaliwa katika wakati mwingine, katika dunia nyingine. Maneno machache, tarehe imeondolewa. Jaribu kupima uzito wake. Karne ya 49 ni jibu. Mtazamaji anapiga hesabu, anajua huyu ni binadamu wa baadaye, mlango unafungwa. "Wakati mwingine, dunia nyingine" haijibu chochote, inamwongezea mtazamaji swali. Doctor Who imeishi zaidi ya miaka 60 juu ya swali hilo. Hakuna kumbukumbu ya wiki zile tatu ninayoitamani kama karatasi ambayo mtu aliikata karne ya 49 kwa kalamu.

La pili ni hotuba ya mzee kuhusu yeye ni nani. Katika rekodi ya kwanza anajitangaza: sisi si wa jamii yenu, si wa dunia hii, tumetenganishwa na sayari yetu kwa umbali ambao sayansi yenu haiwezi kuufikia. Ni majivuno matupu. Katika rekodi ya pili anawauliza wale walimu kama wamewahi kufikiri maisha ya mtu aliyefukuzwa kwao yakoje. Anasema yeye na Susan wametengwa na sayari yao, hawana rafiki wala wa kuwalinda, lakini siku moja watarudi. Na hapo Hartnell anafanya jambo ambalo halimo katika maneno: macho yanawaacha walimu, yanatazama mbali, sauti inashuka, kisha anarudia "siku moja" kana kwamba anajiambia mwenyewe. Ukali wote umebaki, bado anawafungia walimu ndani, bado ni hatari. Ila sasa umejua kwamba ukali ule ni wa mkimbizi. Mtu yeyote aliyewahi kuishi na mzee aliyeacha kwao na hawezi kurudi anaujua ukali wa aina hiyo.

La tatu ni dogo na ndilo nilipendalo. Katika rekodi ya Septemba, Susan akibaki peke yake darasani, anadondosha wino kwenye karatasi, anachora umbo la pembe sita juu ya doa, kisha anaifinyanga karatasi na kuitupa. Ni tukio la ajabu, linavutia, halina maana. Mwezi uliofuata wakalifuta. Mahali pake Susan anafungua kitabu cha Mapinduzi ya Ufaransa alichoazimwa na Barbara, anakisoma kwa kasi, anatulia kwenye ukurasa, anasema kwa mshangao kwamba hapa wamekosea. Ni hayo tu. Hasemi amejuaje. Mtoto mwenye doa la wino ni mtoto wa ajabu. Mtoto anayesahihisha kitabu cha historia kwa sababu alikuwapo ni hadithi nzima ndani ya sekunde chache, tena inafanyika kwa kitabu ambacho idara ya vifaa inaweza kukinunua dukani.

Mavazi nayo yakabadilika. Mzee alikuwa na suti na tai za siku zile, akavishwa nguo za mwanzoni mwa karne ya 20, za babu wa kwenye picha za ukutani. Susan akavishwa kama msichana wa kawaida wa London. Milango ikatengenezwa. Radi ikaondolewa.

Chumba cha mitambo hakikuguswa sana, na ilikuwa sawa. Kilibuniwa na Peter Brachacki, ambaye kazi yake kwenye mfululizo iliishia kwenye rekodi ya kwanza. Aliugua, Barry Newbery akashika nafasi yake. Brachacki aliacha meza yenye pembe sita iliyozungukwa na swichi pande zote na nguzo ya kioo katikati, na kuta zenye mistari ya duara kubwa zilizobonyea. Baada ya uwanja wa giza na ukungu, kamera inaangukia weupe huo na macho yanauma kidogo. Mzee akiulizwa inawezekanaje ndani pakawa pakubwa kuliko nje, anajibu kwa mfano wa televisheni: mmegundua televisheni, sivyo? Basi mnaweza kuliweka jengo kubwa ndani ya sebule ndogo. Kipindi cha televisheni kinaeleza muujiza wake kwa kutumia kile kile kisanduku anachokitazama mtoto sebuleni kwao. Coburn anastahili pongezi kwa hilo.

Nifike kwenye sauti, na hapa nitakaa.

BBC ilikuwa na karakana ya sauti iliyoanzishwa mwaka 1958 huko Maida Vale, Radiophonic Workshop. Haikuwa na sinthesaiza, yaani kinanda cha kutengeneza sauti kwa umeme. Ilikuwa na mashine za tepu, vifaa vya maabara vya kutoa mlio wa umeme, wembe, gundi na watu wenye subira. Ron Grainer alitunga muziki wa ufunguzi, akauandika kwenye karatasi moja, na pale ambapo mtunzi mwingine angetaja ala yeye aliandika mambo kama mawingu na upepo. Karatasi ikafika kwa Delia Derbyshire, mzaliwa wa Coventry, aliyesoma hisabati na muziki Cambridge. Msaidizi wake alikuwa Dick Mills.

Alichofanya Derbyshire ni hiki. Ule mdundo mzito wa chini, unaotembea kama farasi, ulitokana na uzi mmoja uliokwanyuliwa na kurekodiwa. Sauti hiyo moja aliinakili kwa kasi tofauti: ukiiharakisha tepu sauti inapanda, ukiipunguza inashuka. Kwa njia hiyo akapata noti zote alizozihitaji kutoka kwenye mkwanyuo mmoja. Kila noti ilikatwa kwa wembe kwa urefu wa kipande cha tepu, maana kwenye tepu muda hupimwa kwa rula, kisha vipande vikaungwa kimoja baada ya kingine. Ule wimbo wa juu unaolia ulitoka kwenye kifaa cha kutoa mlio wa umeme, akikizungusha kwa mkono ili noti iteleze badala ya kuruka. Ile mivumo inayopita kama upepo ni mchemko kama wa redio isiyo na stesheni, uliochujwa mpaka ukabaki ule aliouhitaji.

Mashine yenye njia nyingi za kurekodia haikuwapo. Kila sehemu ilikuwa kwenye tepu yake, na kuziunganisha kulimaanisha kuziwasha mashine kadhaa kwa pamoja, kidole kwa kidole, na kuomba zisipishane. Mara moja kulikuwa na noti iliyokaa vibaya na hawakuipata kwa kusikiliza. Mills amesimulia walivyotoka na tepu hadi kwenye ujia mrefu wa jengo la Maida Vale, wakazikunjua sakafuni sambamba, wakatembea kando yake wakilinganisha kiungo kwa kiungo mpaka wakakiona kipande kilichozidi. Mimi huhariri kwenye kompyuta, nikikosea nabonyeza kitufe kimoja kosa linafutika. Kila nikiusikiliza ule mdundo kwa spika za masikioni nasikia kwamba noti hazilingani kabisa, kila moja ina pumzi yake, kwa sababu kila moja ilikatwa na mkono. Wamejaribu wengi baadaye kuutengeneza kwa vifaa vya kisasa. Hakuna toleo ninaloliweka juu ya lile la 1963.

Grainer alipousikia hakuamini. Derbyshire alisimulia kwamba aliuliza, "Hivi kweli niliandika hii mimi?" naye akamjibu, "Sehemu kubwa." Grainer alitaka wagawane jina la utunzi. Sheria za BBC zilikataa, wafanyakazi wa karakana walikuwa hawatajwi kwa majina. Kwenye skrini ikaandikwa Ron Grainer na BBC Radiophonic Workshop. Derbyshire alifariki mwaka 2001. Jina lake lilitokea kwa mara ya kwanza kwenye orodha ya watengenezaji wa Doctor Who mwaka 2013, katika kipindi maalumu cha miaka 50. Nusu karne, kwa mtu ambaye sauti yake ndiyo kitu cha kwanza ambacho mtazamaji alikutana nacho. Nakasirika kila nikiwaza hilo.

Mlio wa mashine inapoondoka ni wa Brian Hodgson, wa karakana hiyohiyo. Alichukua piano mbovu iliyovuliwa mbao za mbele, akachukua ufunguo wa mlango wa nyumbani kwa mama yake, akaukwaruza kwenye uzi mnene wa besi. Kisha akaupunguza kasi, akaugeuza uende kinyumenyume, akaurudisha ndani ya mashine mpaka ukajizalisha mwangwi. Unausikia unapanda na kushuka kwa wakati mmoja. Hodgson alitaka sauti ya kitu kinachokuja na kuondoka kwa pamoja, na ndivyo ulivyo. Mlio huo ungali ukitumika katika Doctor Who mpya, na watoto waliozaliwa karne hii wanautambua kabla hawajaona picha.

Picha za ufunguzi ni za Bernard Lodge, na siri yake ni nyepesi: kamera iligeuzwa kuitazama skrini inayoonyesha kile ambacho kamera hiyohiyo inakiona. Picha inajila yenyewe, mwanga unachanua na kumiminika kama moshi. Mashine inapoondoka mwishoni mwa kipindi, mawimbi hayohayo yanapita juu ya nyuso za waigizaji, na London inadidimia kwenye skrini ya chumba cha mitambo. Halafu kibanda kimesimama nyikani penye mchanga, na kivuli cha mtu kinaingia kwenye picha.

Siku moja kabla ya kipindi kwenda hewani, Ijumaa ya tarehe 22 Novemba, Rais Kennedy aliuawa huko Dallas. Jumamosi jioni Uingereza ilikuwa na mawazo mengine, na baadhi ya maeneo umeme ulikatika. Kuna uvumi kwamba kipindi kilichelewa dakika kumi. Kilichelewa sekunde 80 tu, kikaanza saa 11 na dakika 16 jioni. Watazamaji walikuwa milioni 4.4. BBC ikakubali kukirudia Jumamosi iliyofuata, kabla ya sehemu ya pili, na safari hii wakawa milioni 6. Kabla ya Krismasi wakaingia Dalek, yale majini ya chuma ambayo Newman aliyachukia kwenye karatasi, na baada ya hapo hakuna aliyezungumza tena habari za kuishia vipindi vinne.

Kwamba tunaweza kulinganisha rekodi mbili ni bahati ambayo wengine hawakuipata. BBC ilizifuta tepu zake ili zitumike tena, na Doctor Who nyingi za miaka ya 60 zilipotea. Hussein mwenyewe aliongoza sehemu kubwa ya "Marco Polo" ya mwaka 1964, vipindi saba, na hakuna kilichobaki isipokuwa picha za mnato na sauti zilizorekodiwa na watazamaji majumbani mwao. Zilizookoka ziliokolewa zaidi na nakala za filamu zilizouzwa kwa vituo vya nje. Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vya miaka hiyo vimepatikana kwenye kituo cha televisheni huko Jos, Nigeria, vikiwa stoo. Kuna stoo nyingi za namna hiyo barani kwetu, na wanaozifungua wapewe nafasi na muda wa kutosha.

Rekodi ya Septemba ilionekana hewani kwa mara ya kwanza tarehe 26 Agosti 1991, siku BBC ilipoiaga Lime Grove. Majengo yalivunjwa miaka michache baadaye. Mwaka 2023, Doctor Who ilipotimiza miaka 60 na BBC ikaweka kumbukumbu zake za zamani kwenye mtandao wake, hadithi hii ya kwanza haikuwamo, kwa sababu hakukuwa na makubaliano na upande wa warithi wa Coburn kuhusu haki. Kwa hiyo anayetaka kuiona vizuri atafute seti ya DVD ya mwaka 2006 iitwayo "The Beginning". Humo wameiweka kazi ya usiku wa Septemba bila kuikata, pamoja na kurudiarudia kote kwa chumba cha mitambo. Anza na hiyo kabla ya ile ya Oktoba, tena uvae spika za masikioni.